Nyota ya Kufungia Maji

Same, 10 Septemba 1951

Kaka yangu Nathanaeli,

Shikamoo. Mimi mdogo wako Sefania ni mzima, nimenenepa kidogo, na hapa Same sasa najulikana kuanzia stesheni mpaka kwenye josho la ng'ombe. Siku ukishuka usihangaike kuuliza njia. Sema tu, "Namtafuta Sefania wa Bwana Ramani," hata mbwa watakusindikiza.

Kazi yangu nilikwisha kukueleza. Huyu mzungu anapima milima yote ya Upare aichore kwenye karatasi, na bila mimi angekuwa anapima vichuguu. Mimi ndiye mkuu wa msafara. Nilirudi kutoka vitani Bama nina mikono miwili na akili timamu, Wajapani walishindwa kunitisha, sembuse milima niliyozaliwa nayo!

Sasa sikiliza lililonifanya nishike kalamu. Mwanahalima, yule mama wa tangawizi anayepanda kwenu na kushuka kila wiki, amenipa habari za shamba lako. Anasema maharage yamejikunja kama masikio ya mbwa mgonjwa, na maji yapo. Anasema Ijumaa, zamu yako ya maji ya ndiva ikifika, unafungua hilo bwawa adhuhuri, na mlima ukishameza jua tu, hata saa kumi na nusu haijafika, unaziba mlango wa maji na kwenda kuoga kwa ajili ya Sabato. Kaka! Mlima umelificha jua, haujalizamisha. Sisi huku bondeni tunaliona jua lako hilo hilo limening'inia, watu wanaanika nguo. Unamfungia Mungu duka mapema, na maharage yanakufa kiu. Shemeji Eliwaza amesema mpaka amechoka, ndiyo maana akamwambia mama wa tangawizi.

Dawa ninayo. Bwana Ramani ana darubini ya miguu mitatu, ndefu kama bomba la jiko. Juzi tulipokwisha kula chakula cha jioni aliniita nitazame. Kuna nyota moja kubwa mno, inatoka mashariki, upande wa mbuga ya Mkomazi. Haimetimeti kama wenzake, imetulia kama karabai. Mzee Omari mwenye duka anaiita Mshtarii, anasema ni nyota ya heri. Kwenye darubini, kaka, si nyota. Ni kamwezi kadogo ka mviringo, kana mistari tumboni, na pembeni vinyota vinne vimejipanga kama vifaranga nyuma ya mama yao. Nilitazama mpaka machozi yakanitoka. Bwana akasema nyota hii na jua wako kwenye mizani moja, sisi katikati: jua likishuka huku, yenyewe inapanda kule.

Umenielewa? Wewe machweo huyaoni, lakini mashariki unaiona, pale kwenye pengo la milima. Basi usifunge maji kwa kivuli. Funga kwa nyota. Ikichungulia tu kutoka Mkomazi, ujue jua limezama na Sabato imeingia. Saa ya bure, haitiwi ufunguo.

Mdogo wako, mjuzi wa barabara na wa mbingu,
Sefania


Mtiro, nyuma ya Suji, 17 Septemba 1951

Ndugu yangu Sefania,

Marahaba. Barua yako imefika inanukia tangawizi. Sisi ni wazima kwa neema ya Mungu.

Ni kweli nafunga mapema. Afadhali nimpe Mungu saa mbili zisizo zake kuliko kumwibia dakika moja iliyo yake. Saa yangu ya mkononi ilikufa mwaka juzi. Kengele ya kanisa, kile kipande cha reli, husikika huku upepo ukitaka. Nami ni mzee wa kanisa. Wako watu hutazama mlango wangu wa maji kabla ya kuziba wa kwao.

Lakini nilipokusoma nilikwenda shambani nikasimama. Ule mstari wa chini kabisa umeanza maua, na mwezi huu haujaonja maji. Maji yakifika mstari wa katikati, kivuli nacho kimefika.

Kwa hiyo nakuuliza, na nakuomba usinijibu kwa mzaha. Nyota hiyo huchomoza wakati wa machweo kila Ijumaa, au ina siku zake? Muulize huyo Bwana wako vizuri. Ndiyo yako iwe ndiyo. Kama hujui, sema hujui, nami nitaendelea na kivuli changu.

Eliwaza anakusalimu. Anauliza kama mkuu wa msafara bado ndiye anayechemsha chai.

Kaka yako,
Nathanaeli


Same, 22 Septemba 1951

Kaka Nathanaeli,

Shikamoo tena. Mwambie shemeji kwamba chai ya Bwana Ramani hupikwa na mtu anayeaminiwa, maana mzungu hawezi kunywa chai ya mtu yeyote tu. Hata Mfalme ana mpishi wake.

Swali lako nimelichukua mpaka kwa Bwana mwenyewe. Alikuwa amekaa na ramani zake, akavua miwani, akacheka, akaniambia, "Sefania, wewe ungezaliwa kwetu ungekuwa profesa." Jibu ni kwamba ni kila Ijumaa, na Jumatatu, na sikukuu zote za Mfalme. Nyota si treni ya Tanga, kaka, haicheleweshwi na ng'ombe waliolala relini. Mungu aliyeipanga hakuipangia likizo.

Mwagilia. Huo mstari wa chini ukitoa maharage, nitakuja kula makande, na nitakaa kwenye kiti cha mgeni wa heshima.

Mdogo wako asiyekosea,
Sefania


Mtiro, 2 Oktoba 1951

Ndugu Sefania,

Maharage ya mstari wa chini yamekunywa. Asante.

Usiniandikie tena habari za nyota.

Nathanaeli


Mtiro, 3 Oktoba 1951

Shemeji Sefania,

Kaka yako hajui kama nakuandikia. Barua hii nimempa Mwanahalima aifiche chini ya tangawizi.

Ijumaa iliyopita tulimwagilia kama ulivyosema. Kivuli kikapita, hatukuziba. Tukatazama pengo la Mkomazi. Nyota hakuna. Maji yanakwenda, mstari wa chini unakunywa, mimi naelekeza kwa jembe, yeye yuko mlangoni pa ndiva. Nyota hakuna. Mara tukaona mtu anashuka na njia ya mlimani. Ni Filemoni, mzee mwenzake wa kanisa, anayekuja siku zote kuianza Sabato pamoja nasi. Upande wake wa mlima alikuwa ameliona jua likizama kwa macho yake, na kengele ameisikia, na safari nzima ametembea baada ya hapo. Akasimama ukingoni. Akasema, "Sabato njema, Mzee Nathanaeli." Basi.

Kaka yako aliziba maji kwa mikono. Nyota yako ilitoka tukiwa tumeshafika nyumbani.

Jumapili wazee walikaa. Wakamuuliza: wewe uliyetufundisha kufunga kwa kivuli, imekuwaje? Akajibu, "Sina neno." Wakauliza mara ya pili, akajibu vile vile. Wamechukua ufunguo wa kanisa, shemeji, lile kanisa ambalo mawe yake ya msingi aliyabeba kwa kichwa. Sabato ya Meza ya Bwana, mwisho wa mwezi huu, wataamua kama anarudi au wanachagua mzee mwingine. Asiposema, hawana sababu ya kumrudisha.

Nilimwambia, "Mtaje Sefania." Akanijibu, "Sefania wanamcheka tayari. Yeye hujichekesha kwanza ili wasimwahi. Sitawapa fimbo nyingine."

Sasa niambie wewe uliyemuuliza mzungu na mzungu akavua miwani. Nyota ilichelewa kwa nini?

Shemeji yako,
Eliwaza


Same, 7 Oktoba 1951

Shemeji Eliwaza,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Jana sikula. Mimi, Sefania, sikula, na ulikuwa wali.

Sasa ndiyo nimemuuliza. Ile mara ya kwanza Bwana alikuwa na homa, amelala, miwani iko mezani. Sikumuuliza neno. Niliona kaka ananiuliza jambo, mimi, yeye ambaye tangu nikiwa mtoto ananijibu tu, na nikaona aibu kusema sijui. Nikajijibu mwenyewe, nikamvalisha mzungu jibu langu.

Ukweli ni huu. Ile mizani ni ya siku moja. Mwaka huu ilikuwa Jumatano iliyopita, siku ile ile uliyoniandikia. Kabla ya siku hiyo nyota huchelewa, hutoka jua likiwa limezama zamani, kila siku inapunguza kidogo. Baada ya hapo hutangulia, jua likizama yenyewe imeshapanda. Nilipomwandikia kaka ilikuwa inatoka watu wameshakula. Na mimi niliiona tumeshakula, shemeji! Nimeandika hivyo kwa mkono wangu mwenyewe kwenye barua. Nilikuwa na jibu tumboni pamoja na chakula, sikujiuliza.

Haya, kulia hakuzibi maji. Ijumaa hii nakuja. Mwambie Filemoni na wazee wote wakae ukingoni mwa ndiva yenu kabla ya machweo, na mmoja abaki juu ya mlima apunge shuka jua likizama. Nitaleta darubini. Wataona kwa macho yao kwamba wiki hii nyota inatangulia, basi wiki ile ilichelewa, na aliyekosa ni mimi. Bwana ameniruhusu kuichukua. Sisi ni marafiki, hakuna tatizo.

Usimwambie kaka. Atanizuia.

Shemeji yako mjinga,
Sefania


Mtiro, 16 Oktoba 1951

Ndugu Sefania,

Natumaini ulifika salama na chombo cha watu. Ulishuka mapema mno Jumapili, hata uji hukunywa.

Tangu uondoke, watu hawana habari nyingine. Watoto wanaiga ulivyosimama ukingoni, mkono kiunoni, ukiwaambia wazee, "Mnamwona huyu Mshtarii? Ameshafika, na shuka la mlimani halijapungwa! Wiki mbili zilizopita alikuwa bado amelala, na mimi ndiye niliyemwambia kaka yangu kwamba huamka kwa saa." Hata Filemoni alipoinama kwenye darubini na kuona vile vinyota alicheka kwa sauti, na sijapata kumsikia akicheka Ijumaa, siku ya Maandalio ya Sabato.

Kisha ulisema lile neno. Ulisema, "Kaka yangu hana kosa hata moja. Alidanganywa. Mtu aliyedanganywa si mwasi." Wazee wakatazamana. Jumapili jioni walikuja nyumbani na ufunguo.

Uko mfukoni mwangu. Sijui kwa nini chuma kidogo namna hii kinavuta koti hivi.

Nakushukuru kwa kupanda mlima wote ule na mzigo ule mgongoni. Niandikie uniambie Bwana wako aliipokeaje darubini.

Kaka yako,
Nathanaeli


Same, 20 Oktoba 1951

Kaka Nathanaeli,

Shikamoo, mzee wa kanisa. Nimefurahi mpaka nimemnunulia Mzee Omari kahawa dukani kwake mwenyewe.

Darubini imerudi kwake. Mguu mmoja ulipata ufa kidogo kwenye mawe ya kuteremkia Makanya, lakini ina mingine miwili. Bwana hakuwa na maneno mengi. Wazungu wenye elimu hawana maneno mengi. Kwa sasa nimeamua kupumzika kazi ya ramani, maana milima nimeshaijua na mtu hawezi kupima kitu kile kile maisha yake yote. Nina mipango. Kuna watu wa stesheni wananitaka sana.

Nina jambo moja tu. Siku ile ukingoni, watu wakicheka, nilikutazama wewe na wewe hukucheka. Nimelibeba hilo. Nilidhani nikijitandika mbele ya wazee nitapona, nikajitandika vizuri, na kusema kweli nilipendeza. Lakini usiku naiona ile barua yako: "Kama hujui, sema hujui." Ni maneno manne tu ulinipa. Nilishindwa kuyatumia.

Meza ya Bwana ikifika, nikumbuke. Uketi mbele, mahali pako.

Mdogo wako,
Sefania


Mtiro, 29 Oktoba 1951

Shemeji Sefania,

Nakuandikia mchana, kaka yako amekwenda kuzungumza na watu wa ndiva. Nitakueleza yaliyotokea Sabato, maana ukiyasikia kwa Mwanahalima yatakuwa na chumvi.

Tulipogawanyika kwa ajili ya kutawadhana miguu, wanawake chumba cha pembeni, wanaume humo kanisani, mlango ulikuwa wazi nikaona. Filemoni alikuja na beseni mbele ya kaka yako, akakunja suruali, akapiga magoti. Kaka yako hakuvua viatu. Akasimama. Akasema, "Ndugu zangu, mdogo wangu aliwaambia nilidanganywa. Nyota ilinidanganya, ndiyo. Macho yangu hayakunidanganya."



Akasema, "Nilijua ni usiku. Kuku walikuwa wameshapanda kulala. Popo walikuwa wanapita juu ya maji. Kengele niliisikia, upepo ulikuwa unataka siku ile. Nikajiambia nyota bado, kwa sababu mstari wa chini ulikuwa bado unakunywa. Nilitaka nyota isitoke. Ufunguo huu nilirudishiwa kwa ajili ya kosa la mtu mwingine, na kosa lilikuwa langu." Akauweka juu ya meza, pembeni ya mkate.

Shemeji, na mimi nitasema, maana hapa ndani hakuna mwingine wa kumwambia. Nilikuwepo. Aligeuka mara mbili akanitazama, ananiuliza bila kuuliza. Mara zote mbili nilimwambia, "Nyota bado." Na mimi kuku niliwaona.

Basi Filemoni alibaki pale chini amepiga magoti. Nikadhani atainuka. Akavuta beseni karibu, akamvua kaka yako viatu yeye mwenyewe, kimoja, kingine, akamwosha miguu. Akachukua muda. Wamemchagua Filemoni ashike ufunguo na nafasi ya kaka yako. Kaka yako sasa anakaa nyuma, karibu na mlango, na anaimba kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tuoane.

Leo anabadilishana zamu. Anatoa Ijumaa yake, anachukua zamu ya mwisho ya Jumanne, ile ya maji machache. Miaka yote angeweza kufanya hivyo. Alikuwa anapenda watu wamwone akiziba.

Jingine. Mwanahalima amekuona stesheni ya Makanya unapakia marobota ya mkonge. Hao ndio watu wa stesheni wanaokutaka sana? Na amesema Bwana Ramani hakukupa ruhusa yoyote, kwamba alikuwa Tanga, akarudi akakuta sanduku tupu, akakufukuza mbele ya watu. Nimemwambia kaka yako. Amepiga rangi viatu.

Eliwaza


Makanya, 12 Novemba 1951

Shemeji Eliwaza,

Mumeo nimemsindikiza leo mpaka njia inapoanza kupanda. Atafika kabla ya barua hii, lakini najua hatakwambia kitu, kwa hiyo nakwambia mimi, na sitaongeza chumvi. Nitajaribu.

Alinikuta nina robota mgongoni. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni msimamizi, najaribu tu uzito. Akalipokea upande mmoja, tukalipakia, akasema, "Twende kwa Bwana wako." Tukapanda lori mpaka Same.

Kabla hatujafika kambini, jua lilikuwa linazama. Akasimama barabarani katikati, lori la watu likapita likimpigia honi. Shemeji, kumbe ni miaka hajaliona jua likizama lote, bila mlima mbele yake. Alivua kofia mpaka likaisha. Halafu akageuka mashariki, na Mshtarii yuko juu kabisa, ameshafika zamani. Akasema, "Kumbe hawa wawili hawamngoji mtu."

Bwana alikuwa nje. Kaka akaniambia nitafsiri kila neno na nisiongeze. Akasema, "Darubini ilichukuliwa kwa ajili yangu. Mwizi ni mimi pia. Kama kuna adhabu, iko kwetu wawili." Nilitafsiri hivyo hivyo, na hapo kwenye "mwizi" Kiingereza kilinikwama kooni lakini kikatoka. Bwana akasikiliza mpaka mwisho. Akasema kazi yangu ameshampa mwingine. Hakuwa na hasira. Na hakubadili neno.

Tulipotaka kuondoka, akatuita. Akaisimamisha ile darubini, mguu wake mmoja umefungwa kwa waya, akamwonyesha kaka mahali pa kuweka jicho.

Kaka alitazama muda mrefu. Akaniambia, "Uliniandikia vinne. Naona vitatu."

Nikasema basi, hata hili nimedanganya! Nikamuuliza Bwana, nikamuuliza kweli. Akasema ni vinne, lakini vinaizunguka ile kubwa, na kimoja sasa kiko nyuma yake. Kitatoka. Kila kimoja kina wakati wake wa kupita mbele na wakati wake wa kujificha, na havipigani. Nikamtafsiria kaka.

Kaka hakuondoa jicho. Akasema, "Basi hata hivi vina zamu."

Tukarudi Makanya. Tulilala chumbani kwangu, kitanda nikampa, akakataa, tukalala wote chini kama zamani kwa mama.

Sefania


Mtiro, 19 Novemba 1951

Ndugu Sefania,

Mvua za vuli zimeanza. Tumevuna mstari wa chini. Umezaa kuliko mingine yote, na mimi sikuweza kuyala maharage yale. Nimeyapeleka kwa Iddi, mwenye zamu ya Jumamosi. Maji niliyoyamwaga jioni ile yalikuwa yake, yalipaswa kubaki bwawani yamngoje asubuhi. Alishangaa. Akasema hakuona kama maji yamepungua. Nikamwambia mimi niliona.

Eliwaza amekuwekea ya mstari wa katikati, yale ya halali. Mwanahalima anayaleta.

Nina swali. Mwakani nyota hiyo itasimama tena mkabala wa jua, mizani ikae sawa? Ni siku gani? Nataka siku hiyo uje, tusimame ukingoni mimi na wewe, bila jembe, tuione moja ikizama na nyingine ikitoka. Nitapanda mlimani nikapunge shuka mwenyewe ikibidi.

Kaka yako,
Nathanaeli


Makanya, 24 Novemba 1951

Kaka Nathanaeli,

Shikamoo. Maharage nimeyapokea. Nimepika makande sufuria nzima, nikawaita wapakiaji wote, na nikawaambia yametoka kwenye shamba la kaka yangu, ambaye ni...

Hapo nilisimama, nikafikiri, nikawaambia ni mkulima.

Swali lako nimelisoma mara nyingi. Jibu lilikuja mdomoni papo hapo, tena zuri, lina tarehe na saa, hata jina la Bwana lilikuwamo.

Sijui, kaka. Bwana Ramani amehamia Lushoto. Nitauliza.

Sefania